Kabla hujachagua siti, jua kwanza unapanda ndege gani

Mwaka juzi mama yangu alipanda ndege kwa mara ya kwanza, Dar es Salaam hadi Dubai, kwenda kumwona mjukuu wake. Tiketi nilimkatia mimi, na kwa mapenzi nikamchagulia siti ya dirishani, nikiamini kwamba mtu anayeruka mara ya kwanza lazima aone mawingu. Mama ana miaka 68 na anatumia dawa za presha, zile zinazompeleka mtu haja ndogo kila baada ya muda mfupi. Kando yake walikaa vijana wawili ambao walilala tangu ndege iliponyooka angani. Aliona haya kuwaamsha. Saa tano na nusu hakunywa maji, hakunyanyuka, na alipofika miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Aliponipigia simu hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, na hilo dirisha lenyewe lilikuwa juu ya bawa."

Nilikosea mara mbili. Sikuangalia ni ndege ya aina gani, na sikumfikiria mama; nilichagua siti ambayo mimi ningeipenda. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya anayemkatia mzazi tiketi, na kwa yeyote anayebonyeza siti ya kwanza anayoiona wazi kwenye simu ili amalize haraka. Mifano nimeichukua kwenye njia ninazozijua, za ndani ya Tanzania na Kenya na za kwenda Ghuba.

Kwenye basi hatufanyi hivyo. Anayekwenda Moshi kutokea stendi ya Magufuli anajua upande utakaopigwa na jua, anajua siti ya juu ya tairi itamkunja magoti, na anamwambia wakala mapema. Ujuzi ni uleule, ila ndege inataka uulize mambo machache zaidi.

Hatua ya 1: Soma aina ya ndege kwenye tiketi

Hapa ndipo penye kazi, na watu wengi huparuka. Siti ya 4A kwenye ndege moja ni raha, kwenye nyingine ni kelele masikioni mwa safari nzima.

Fungua maelezo ya safari kwenye tiketi au kwenye programu ya shirika. Utaona jina la ndege, au kifupi chake cha herufi na tarakimu tatu. DH4 ni Dash 8 Q400, ile tuliyoizoea kwa jina la Bombardier. AT7 ni ATR 72, AT4 ni ATR 42. Ukiona 223 ni Airbus A220-300. 738 ni Boeing 737-800. 7M9 ni Boeing 737 MAX 9. E90 ni Embraer 190. 788 ni Boeing 787-8 Dreamliner. Usipoona chochote muulize wakala, maana kwenye kompyuta yake kipo.

Tuanze na pangaboi, yaani ndege zinazovutwa na mapanga yanayozunguka mbele ya injini. Air Tanzania ilipokea Bombardier zake mbili za kwanza Septemba 2016, kila moja ikiwa na siti 76, na Jambojet ya Kenya hutumia aina hiyohiyo. Siti zimepangwa mbilimbili, kwa hiyo hakuna anayebanwa katikati. Bawa liko juu ya madirisha, na hiyo ni neema kwa anayependa kutazama chini: karibu kila dirisha linaona ardhi. Ubaya wake ni kelele. Ukikaa usawa wa mapanga utasikia mngurumo na mtetemo hadi kwenye meno. Safu za nyuma ya bawa zina nafuu kubwa. Mwenye mtoto mdogo anayependa mashine amkalishe dirishani jirani na injini, kidogo nyuma ya mapanga: magurudumu hutokea tumboni mwa injini wakati wa kutua, na mtoto atayaona yakishuka. Nimewahi kumwona mtoto akipiga makofi kwa hilo, na abiria wote wa karibu wakacheka naye.

ATR, ambayo Precision Air imeitumia kwa miaka mingi, kwa nje inafanana na Bombardier, lakini ndani mambo yamegeuzwa. Mlango wa abiria uko nyuma, na sehemu ya mbele, kati ya marubani na abiria, imewekwa mizigo. Kwa hiyo anayekimbilia safu ya kwanza ili ashuke mapema atashuka wa mwisho. Kwenye ATR mwenye haraka hukaa nyuma. Kwenye Bombardier mlango mkuu uko mbele, na mwenye haraka hukaa mbele. Hilo moja tu limenisaidia mara nyingi kuliko ushauri mwingine wowote.

Airbus A220 ina siti mbili upande wa kushoto na tatu upande wa kulia. Zile za Air Tanzania zina siti 132. Mke na mume, au mtu na mzazi wake, wachukue kushoto, wala wasipoteze muda kufikiri. Ukijikuta kulia katikati, jifariji kwamba waliobuni ndege hiyo waliifanya siti ya katikati iwe pana kidogo kuliko jirani zake. Embraer 190, inayorushwa na Kenya Airways, ni mbilimbili kote, nayo haina siti ya katikati kabisa.

Boeing 737 ni tatutatu. Ina jambo moja la kuangalia: upande wa kushoto, karibu na safu ya 10 au 11, kuna mahali ambapo mabomba ya hewa hupita ukutani, na hapo dirisha halikuwekwa. Umelipia dirisha, ukakuta ukuta. Kabla ya kuthibitisha siti eneo hilo, itazame ramani ya siti vizuri au sogea safu mbili mbele.

Dreamliner, ambayo Air Tanzania ilianza kuwa nayo Julai 2018, ina makundi matatu ya siti tatutatu na njia mbili. Kwenye kundi la katikati, wote wawili wa pembeni wana njia yao, na aliye kati ana pande mbili za kutokea. Ndiyo sababu siti ya njiani ya kundi la katikati ni bora kuliko watu wanavyodhani: ni mtu mmoja tu anayeweza kukuomba umpishe, na hata huyo anaweza kupitia upande wa pili. Madirisha yake ni makubwa na hayana kifuniko cha kuvuta. Unabonyeza kitufe chini yake kioo kinakuwa cheusi taratibu. Wahudumu wanaweza kuyatia giza yote kwa pamoja usiku, kwa hiyo usishangae kitufe chako kisipoitika.

Kuhusu herufi: A ni kushoto, dirishani, ukiwa umetazama mbele ya ndege. Herufi ya mwisho ya safu ni dirisha la kulia. Herufi I huachwa kwa sababu inafanana na tarakimu 1, na mashirika mengine huruka pia safu ya 13, kwa hiyo usihesabu safu kwa kutegemea namba.

Hatua ya 2: Anza na mwili wa msafiri

Mkalishe msafiri mbele yako, au mpigie simu, umuulize maswali ambayo sisi wa huku huona aibu kuuliza. Unakwenda choo mara ngapi? Miguu huvimba? Magoti yanakunjika? Unaogopa? Una mtoto wa kubeba? Majibu yake yatachagua siti kabla hujafungua ramani.

Mtu wa presha, wa kisukari, mjamzito, na mtu mzima yeyote mwenye umri kama wa mama yangu: siti ya njiani, tena safu tatu au nne kutoka chooni. Isiwe jirani kabisa na choo, maana pale foleni husimama juu ya kichwa chako na mlango hugonga safari nzima. Kukaa bila kunyanyuka si usumbufu wa miguu tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Uwezekano wenyewe ni mdogo, wastani wa mtu mmoja katika 6,000, lakini kwa aliyewahi kupata tatizo hilo, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, ni jambo la kuzungumza na daktari kabla ya safari. Dar hadi Dubai, Doha au Muscat zote zinapita saa nne.

Wanaokwenda Umra au Hija kupitia Jeddah nao wafikirie siti ya njiani. Wengine hupanda wakiwa tayari na ihramu, wengine hubadili nguo ndani ya ndege kabla ya kufika mikati, yaani mpaka ambao haupitwi bila ihramu. Ukiwa dirishani na watu wawili wazee wamelala kando yako, tangazo la rubani litakukuta bado unaomba njia.

Mwenye mtoto mchanga kwenye ndege kubwa aombe siti za ukutani, yaani safu ya kwanza baada ya ukuta unaotenganisha madaraja. Hapo ndipo hutundikwa kitanda cha mtoto. Aombe siku anayokata tiketi, maana vitanda ni vichache, na aulize kikomo cha uzito. Mara nyingi ni kilo 10 au 11. Ajue pia kwamba ndege ikianza kutikisika ataambiwa amtoe mtoto na kumpakata, hata kama ndiyo kwanza amelala. Siti za ukutani hazina siti mbele yake, kwa hiyo begi la nepi litawekwa juu wakati wa kuruka na kutua. Toa mapema chupa na kitambaa. Meza hutokea ndani ya mkono wa siti, na mikono hiyo hainyanyuki, kwa hiyo huwezi kumlaza mtoto mkubwa akatandaa siti mbili.

Na kuna hili, ambalo ndugu zangu wawili walilijua wakiwa wameshapanda. Juu ya kila kundi la siti tatu kwa kawaida kuna vinyago vinne vya oksijeni, cha nne kikiwa cha mtoto wa kupakatwa. Watoto wawili wa kupakatwa kwenye kundi moja hawaenei. Wale ndugu walikuwa wameketi pamoja, kila mmoja na mwanawe, na mhudumu akalazimika kuwatenganisha. Mkisafiri wawili na vichanga wawili, chagueni siti zinazotazamana kwa kuvuka njia: mtaongea, mtasaidiana, na hakuna atakayewahamisha.

Mwenye miguu mirefu huwa na hamu ya safu ya mlango wa dharura. Nafasi ipo kweli. Masharti yapo pia: uwe mtu mzima mwenye nguvu, uelewe maelekezo, usiwe mjamzito, usiwe na mtoto, na begi lako lote liende juu. Umri wa chini hupangwa na shirika, mara nyingi miaka 15 au 16. Usimkatie mzazi wako hapo kwa sababu tu umeona pana. Atahamishwa mbele za watu, naye ataona ameaibishwa. Kumbuka pia kwamba mlangoni huwa na baridi, na siti iliyo mbele ya mlango wa dharura kwa kawaida hailali nyuma.

Anayechafukwa na tumbo akae usawa wa mabawa. Mabaharia wa kwetu wanajua sababu bila kusoma fizikia: abiria anayelewa bahari huambiwa akae katikati ya chombo, karibu na mlingoti, maana omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka. Ndege ni vivyo hivyo. Uzito wake umetulia karibu na mabawa, na mkia ndio unaochezacheza kuliko sehemu nyingine. Anayeogopa ndege naye akae hapo, na kama dirisha linamtisha, akae njiani.

Hatua ya 3: Chagua upande, kwa jua na kwa mlima

Kama msafiri hana mahitaji ya mwili, sasa ndiyo zamu ya dirisha, na dirisha lina pande mbili zisizolingana.

Kwa jua, kanuni ya huku kwetu ni rahisi. Ukienda kaskazini asubuhi, mashariki iko kulia kwako, na jua litakuwa usoni mwa aliye kulia. Ukirudi kusini alasiri, magharibi iko kulia tena. Kwa hiyo Dar kwenda Dubai asubuhi, na Dubai kuja Dar alasiri, kivuli kiko kushoto safari zote mbili. Njia za mashariki na magharibi, kama Dar kwenda Mwanza, zinategemea mwezi: Juni jua la mchana liko kaskazini yetu, kwa hiyo linapiga kulia unapokwenda Mwanza; Desemba liko kusini, linapiga kushoto.

Mlima ni habari nyingine, na hapo nakubali kuchomwa na jua. Nimezaliwa Pwani, na mara ya kwanza kuiona Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kutoka angani nilinyamaza hadi ikapotea nyuma ya bawa. Ina mita 5,895, na ndege za pangaboi hazipandi juu sana kama jeti, kwa hiyo kilele hukiona kikiwa karibu, theluji na mipasuko yake yote. Basi shika hivi. Dar kwenda Nairobi, mlima uko kushoto. Nairobi kuja Dar, kulia. Nairobi kwenda Mombasa, kulia. Mombasa kwenda Nairobi, kushoto. Dar kwenda uwanja wa Kilimanjaro, kaa kulia. Kurudi Dar, kaa kushoto. Ukikosa kulia unapotua KIA usihuzunike sana, kwa sababu kushoto kuna Mlima Meru, wenye mita 4,566, na siku ya anga safi nao una haki yake.

Chagua ndege ya asubuhi kama unaweza. Mchana mawingu huvaa kilele na hakuna siti itakayokusaidia. Rubani naye anaweza kupangiwa njia tofauti na waongoza ndege, basi mlima ukahamia upande wa pili. Hilo hutokea, na abiria wa upande wenye bahati kwa kawaida huwaachia wenzao waje wachungulie kidogo, kama taa ya mikanda imezimwa.

Kwa njia usiyoijua, fungua ramani kwenye simu, igeuze mpaka uendako kuwe juu, halafu tazama kitu unachotaka kukiona kiko mkono gani. Dakika moja inatosha.

Kwenye jeti ongeza swali la bawa. A220, 737 na Dreamliner zina mabawa chini ya madirisha, na theluthi ya katikati ya ndege huona bati tupu. Hapo ndipo mama alipokaa. Kwa kutazama nje, chukua safu za mbele kabisa za daraja la kawaida au za nyuma ya bawa. Mbele ya bawa kuna utulivu zaidi wa masikio, kwa kuwa sauti ya injini za jeti hukimbilia nyuma.

Safu ya mwisho kabisa iache. Mara nyingi siti zake hazilali, iko jirani na choo na jiko, na chakula kikifika kwako huenda kimebaki cha aina moja. Isipokuwa kwenye ATR, ambako safu hiyo ndiyo jirani wa mlango.

Mwenye kuunganisha ndege Addis Ababa au Doha na ana saa moja tu mkononi, akae mbele kadiri awezavyo, hata kama ni siti ya katikati. Watu 200 wakisimama mbele yako na mabegi, dakika 20 zinapotea umesimama.

Kuhusu siti salama kuliko zote

Swali hili huulizwa sana, na linastahili jibu la heshima kwa sababu kuna watu waliofiwa.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa inakaribia kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, na 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Pua ya ndege ilizama na mkia ukabaki juu ya maji. Wavuvi ndio waliofika wa kwanza kuokoa, kijana Majaliwa Jackson akiwa miongoni mwao, na waliokaa karibu na mlango wa nyuma wakapata pa kutokea. Tangu hapo wengi wetu tunaamini kwamba nyuma ndiko salama. Ajali ya Muan, Korea Kusini, tarehe 29 Desemba 2024 iliongeza imani hiyo: kati ya watu 181 walinusurika wawili, wote wahudumu waliokaa mkiani.

Halafu tarehe 12 Juni 2025, Ahmedabad nchini India, ndege yenye watu 242 ilianguka mara baada ya kuruka, na mmoja pekee aliyetoka hai alikuwa siti ya 11A, upande wa mbele, jirani na mlango wa dharura. Watu wakaanza kuitafuta 11A kwenye kila ndege, bila kujua kwamba kwenye baadhi ya Boeing 737 hiyo 11A ndiyo siti isiyo na dirisha, na wala haiko mlangoni.

Kila ajali ina namna yake. Kinachofanana katika habari nyingi za walionusurika ni mlango: ulikuwa karibu, au waliujua ulipo. Ndege za abiria hukubaliwa kuruka baada ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Kwa hiyo ukitaka kuchagua kwa usalama, chagua siti ya njiani isiyozidi safu chache kutoka mlango wowote, mbele au nyuma. Zaidi ya hapo, mkanda. Wengi wanaoumia ndege inapotikisika ghafla ni wale waliokuwa wameufungua.

Hatua ya 4: Ichukue siti mapema, na uiangalie tena

Mashirika mengi hutoza fedha kwa kuchagua siti kwenye tiketi za bei ya chini. Kwa safari ya dakika 50 mimi silipi. Kwa mzazi anayekwenda saa tano au zaidi, lipia. Ni gharama ndogo kuliko miguu ya mama.

Usipolipia, subiri dirisha la kujisajili mtandaoni lifunguliwe. Kwa mashirika mengi ni saa 24 kabla ya safari, mengine saa 48. Weka kengele kwenye simu, maana siti nzuri za bure huondoka ndani ya saa ya kwanza. Mkiwa wawili kwenye ndege ya tatutatu, mnaweza kuchukua dirisha na njia mkaiacha ya katikati wazi. Ndege ikiwa haijajaa mtabaki na nafasi. Akija mtu wa tatu, mpeni uchaguzi wa upande. Hakuna anayekataa kuhama kutoka katikati.

Asiye na intaneti awahi uwanjani na aongee kaunta. Sema shida yako waziwazi: "Dada, mama yangu anatumia dawa za presha, naomba siti ya njiani karibu na choo." Ukisema tu "siti nzuri", atakupa anayoiona nzuri yeye. Mama aliporudi kutoka Dubai mkwe wake alisema maneno hayohayo pale kaunta, na mama akakaa njiani, akanywa maji, akatembea mara nne hadi mwisho wa ndege na kurudi.

Asubuhi ya safari fungua tiketi mara ya pili. Ndege hubadilishwa, pengine A220 imekwenda matengenezo na imeletwa pangaboi, na mfumo umekupa siti yoyote. Kama 5A yako ilikuwa ya kuwahi kutoka kwenye Bombardier na sasa inakuja ATR, omba safu za nyuma kabla wengine hawajashtuka.

Kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazokwenda Mafia, Pemba au Serengeti na abiria kumi na kitu, siti huchagui. Utapimwa na begi lako, kisha rubani au mhudumu atakupanga ili uzito ulale sawa. Mtiini, hata akikutenganisha na mwenzako. Choo hakuna, basi mzee apite chooni uwanjani kwanza.

Hatua ya 5: Ukishaingia

Kubadilishana siti kunaruhusiwa kama mhudumu amekubali na wote wameridhika. Adabu yake ni kutoa kilicho bora: anayeomba amwachie mwenzake siti inayolingana au inayozidi. Usimwombe mtu wa njiani aende katikati safu ya 28 ili wewe ukae na rafiki yako. Na usikae kwanza ndipo uombe.

Kisha hesabu safu kutoka kwako hadi mlango wa mbele na hadi mlango wa nyuma, maana moshi ukijaa macho hayaoni namba, mikono ndiyo huona. Mama hufanya hivyo kwa kugusa migongo ya siti anapotafuta yake, midomo ikicheza kama anavuta uradi. Kabla simu hazijazimwa huniandikia: "Saba mbele, nne nyuma. Niko njiani."